Sura ya Nne: Binti Magige wa Baraki

Kijiweni Kakese, nje kidogo ya mji wa Mpanda, huhitaji kuwa mwandishi ili usimuliwe utoto wa Mizengo Pinda. Ni wa kwao. Alizaliwa Kibaoni mwaka 1948, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi Ikulu tangu zama za Mwalimu, akawa mbunge mwaka 2000, na Februari 2008 alipopewa uwaziri mkuu hakuona haya kujiita mtoto wa mkulima. Jina likamganda. Kwa watu wanaoishi kwa mpunga, kama walivyo wa Kakese, halikuhitaji ufafanuzi: huyu anajua inakuwaje mvua ikikata kabla mpunga haujachanua.

Ila simulizi zetu za viongozi zina tabia moja. Mwanasiasa huwa na utoto, mkewe hana. Mume tunamfuata tangu akichunga mbuzi. Tunajua alikwenda shule pekupeku, tunajua ni mwalimu gani aliyemwona ana akili. Mke anatokea katikati ya kitabu, siku ya harusi, amekwisha kuvaa shela, amekwisha kuwa mtu mzima, na kwa sababu nisizozielewa amekwisha kuwa mpole. Tangu hapo anazaa, anavumilia, anapunga mkono uwanja wa ndege. Nani alimlea, nyumba yao ilikuwa ya watu gani, alilia siku ya kwanza bwenini au hakulia: hayo huhesabiwa kuwa mambo ya jikoni.

Mimi naona ni siasa tupu. Katika Tanganyika ya miaka ya 1940, habari ya nani amwoe nani, hasa kwa kijana msomi wa Kikristo, ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa kabla wahusika hawajaonana. Iliamuliwa na mzee fulani aliyekubali binti yake aondoke nyumbani, na mapadri waliotangulia kufika kijiji fulani, na sista aliyeshika daftari la majina ya wasichana wanaofaa kuendelea. Maria Waningu, ambaye nchi nzima inamjua kwa jina la Mama Maria Nyerere, ni mfano ulio wazi kuliko wote. Miaka yake 22 ya kwanza ndiyo habari ya sura hii. Julius atakuja, lakini atasubiri zamu yake.

Alizaliwa siku ya mwisho ya mwaka 1930, tarehe 31 Desemba, kijiji cha Baraki. Wakati ule Baraki ilihesabiwa Tarime. Siku hizi sehemu hiyo ni Rorya, wilaya iliyokatwa kutoka Tarime mwaka 2007. Baba yake ni Gabriel Magige, mama yake Hannah Nyashiboha, na yeye alikuwa wa nane katika watoto tisa. Watu wake ni Wasimbiti, wakulima na wafugaji waliobanwa kati ya Wajaluo na Wakurya, ziwa likiwa upande wa magharibi. Mtoto wa huko husikia lugha mbili tatu kabla Kiswahili hakijamfikia, na mtoto wa nane hulelewa na dada na kaka kiasi kile kile anacholelewa na mama. Anajifunza mapema kwamba zamu yake ya kusema huja baada ya wengi.

Majina ya wazazi yanasema jambo. Gabriel na Hannah si majina ya Kisimbiti. Nyumba ilikuwa imekwisha kupokea ubatizo, na hilo upande wa Mara halikuwa jambo la mji mzima. Mapadri Weupe, walioitwa hivyo kwa ajili ya kanzu zao, walikuwa na misheni Nyegina, karibu na Musoma. Waadventista walikuwa na watu wao Majita. Mwaka 1934, Maria akiwa hajatimiza hata miaka minne, Wamenoni kutoka Marekani walifungua misheni Shirati, jirani kabisa. Mzee wa Baraki aliyetaka dini mpya alikuwa na za kuchagua. Magige alikuwa wa Roma, na naomba msomaji alishike hilo, maana ndilo litakaloamua, miaka karibu ishirini baadaye, binti yake ataolewa na mtu wa aina gani.

Halafu kuna suala la ng'ombe. Katika nchi ya Mara ng'ombe ndiye benki. Binti akiolewa, zizi la baba linapokea. Na ng'ombe hao hao ndio wanaotoka tena kumwozesha kaka yake. Kwa hiyo kumpeleka binti kusoma mbali hakukuwa hisani kwa binti peke yake. Kulikuwa ni kuweka rehani mifugo ambayo vijana wa kiume wa nyumba ile wangeweza kuwa wameanza kuihesabu kimoyomoyo. Hakuna aliyejua kwa hakika kama msichana atakayekaa kwa masista miaka yote hiyo atarudi akiwa mtu wa kuposwa, au atavaa shela ya utawa asirudi kabisa. Baba wa siku hizi anayeuza debe la mpunga kulipia sare na daftari anatoa, sikatai. Baba wa mwaka 1940 alikuwa anacheza na mtaji wa ukoo.

Gabriel Magige alimtoa Maria akiwa na umri wa miaka tisa.

Anayesafiri leo kutoka Tarime kwenda Musoma anapita lami, anavuka mto Mara kwenye daraja la Kirumi bila hata kufunga mazungumzo. Wakati ule daraja halikuwapo. Mto Mara, unaoleta maji kutoka Kenya na kuyamwaga ziwani kupitia vinamasi vipana vya mafunjo, ulikuwa mpaka hasa. Nyegina iko ng'ambo ya pili. Kwa mtoto aliyetoka Baraki ilikuwa nchi nyingine: watu wengine, wengi wao Wakwaya, salamu nyingine, na kengele ya kanisa inayogawa siku vipandevipande. Vita vya Ulaya vilikuwa vimekwisha kuanza. Masista Weupe, waliokuwa na nyumba yao pale misheni, walimpokea.

Shule za masista za zama hizo zilifanana kokote ulikokwenda. Kuamka gizani, misa, kufagia uwanja. Somo la dini, kusoma, kuandika, hesabu. Mchana jembe, jioni sindano. Jembe kwa sababu shule ilikuwa ijilishe yenyewe, na sindano kwa sababu msichana wa misheni alitarajiwa kushona nguo za wanawe kwa mkono wake na kudarizi kitambaa cha meza hata kama meza yenyewe haipo. Usafi ulikaguliwa: kucha, nywele, shuka. Nia ya yote hayo haikufichwa, si na mapadri wala na idara ya elimu ya Waingereza. Vijana wa kiume walikuwa wanasomeshwa wawe makarani, walimu na makatekista, na vijana hao wangehitaji wake wasiowaaibisha. Elimu ya msichana ilipangwa kwa kumtazama mume ambaye hajulikani bado ni nani.

Hapo ndipo ninapowaonea masista huruma kidogo, maana hesabu yao ilizaa zaidi ya walivyokusudia. Walitaka mke mwema wa Kikristo. Mara nyingi walichopata ni mtu mwenye cheti, mwenye mshahara, aliyezoea kuishi na wasichana wa makabila mengine, anayejua kusoma barua bila kumwomba mtu amsomee. Mtu wa namna hiyo akiolewa na karani, nyumba inakuwa ya karani. Akiolewa na mwanasiasa, nyumba inakuwa kitu kingine.

Kutoka Nyegina alivushwa tena maji, safari hii kwenda Ukerewe, shule ya bweni ya masista hao hao. Ukerewe ni kisiwa kikubwa, na kwa wakati ule njia ya kutoka pwani ya Musoma kwenda visiwani na Mwanza ilikuwa ziwa lenyewe kuliko barabara. Mtoto wa bweni kisiwani hatoroki. Wala hafuatwi kirahisi na shangazi aliyekuja na habari kwamba kuna mposaji. Naamini maji yale yalikuwa na kazi kubwa katika elimu ya wasichana wa Kanda ya Ziwa kuliko walimu wengi wanavyosifiwa.

Nalisema hili nikiifikiria Kakese. Masista wale wale wa Mama Yetu wa Afrika waliompokea Maria walikuwa wamekwisha kufika upande wetu miaka mingi kabla hajazaliwa. Misheni ya Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Masista wakaja mwaka 1894. Na mwaka 1907 Askofu Adolphe Lechaptois akaanzisha hapo hapo shirika la masista Waafrika, la Maria Malkia wa Afrika. Kwa maneno mengine, elimu ya wasichana ya mkoa wa Katavi ina umri mkubwa kuliko miji yake mingi. Tatizo lilikuwa umbali. Kutoka Mpanda mpaka Karema ni zaidi ya kilomita 100, na mwaka 1930 Mpanda yenyewe haikuwa mji wa kutajwa. Ni madini ya risasi ya Uruwira yaliyoileta reli kutoka Kaliua, nayo ikaanza kazi mwaka 1950, wakati binti Magige ni mwalimu tayari. Msichana wa rika lake aliyezaliwa porini kati ya Wabende na Wakonongo alihitaji baba mwenye moyo kama wa Magige na miguu ya kutembea siku kadhaa.

Na umbali haujaisha nguvu. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba katika kila wasichana 100 wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 45 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Kwa nchi nzima walikuwa 27. Hakuna mkoa uliokuwa juu ya Katavi. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana walioacha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi darasani, uamuzi ambao ulichelewa mno. Lakini mwalimu yeyote wa sekondari za kata atakwambia kwamba mimba nyingi hutengenezwa njiani: kilomita za asubuhi na jioni, bodaboda anayejitolea kumpa binti lifti, chumba cha kupanga karibu na shule ambako mtoto wa miaka 15 anajipikia mwenyewe bila mtu mzima. Maria akiwa na miaka 15 alikuwa nyuma ya ukuta wa masista, na ukuta wenyewe ulizungukwa na ziwa. Alikosa mengi kwa kukaa humo, sina shaka. Alikosa kulelewa na mama katika miaka ambayo binti humhitaji mama. Elimu yake ilitozwa hapo.

Baada ya Ukerewe ikawa Sumve, katika nchi ya Wasukuma wa Kwimba, chuo cha ualimu cha misheni. Alitoka na cheti, akarudi Nyegina, sasa akiwa upande wa pili wa meza, mwalimu katika shule ya msingi ya pale pale alipofikia akiwa na miaka tisa. Hajafika miaka ishirini, na mshahara ni wake.

Ualimu una historia ndefu katika nyumba za marais wetu, na si sadfa. Mama Salma Kikwete alifundisha shule za msingi kwa miaka mingi. Mama Janeth Magufuli alikuwa mwalimu wa Shule ya Msingi Mbuyuni, Dar es Salaam, mpaka mumewe anaingia Ikulu mwaka 2015. Kwa vizazi viwili vitatu ualimu na uuguzi ndiyo milango iliyoachwa wazi kwa msichana aliyefaulu, na kijana mwenye makuu yake aliyetaka mwenzake aliyesoma alijua pa kwenda kubisha. Wengi walikuwa walimu wenyewe. Nyerere alikuwa mwalimu, Magufuli alikuwa mwalimu. Chumba cha walimu kimewahi kuamua mambo mengi ya nchi hii kuliko kamati kuu.

Kuna njia nyingine, na ni haki kuitaja. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, hakupita kwa masista. Alikuwa Mwislamu wa mjini, aliyekwenda chuoni kusoma Kurani, akapata miaka michache ya shule, akaolewa bado binti mdogo. Kilichomlea hadharani ni ngoma. Vikundi vya wanawake vya ngoma vilimfundisha kuimba mbele ya umati, kukusanya michango, kugombana na kupatana. Alipokuja kuitwa na chama cha TANU alijaza viwanja. Nyerere wa miaka ya 1950 alihitaji wanawake wa malezi yote mawili: mmoja wa kusimama jukwaani, mmoja ambaye angeweza kuiendesha nyumba isiyo na mshahara. Ni kosa kuwapima kwa kipimo kimoja.

Sasa Julius aingie.

Alikuwa mtoto wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki, aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mama yake Mugaya akiwa mmoja wa wake 22 wa mtemi. Kwa desturi za kwao, baba alikuwa amekwisha kumposea mchumba angali mdogo. Lakini mtemi alifariki mwaka 1942, na Desemba 1943 kijana akabatizwa Mkatoliki. Baada ya Makerere alikwenda kufundisha St. Mary's, Tabora, shule ya Mapadri Weupe. Nyegina haikuwa ngeni kwake. Ndiko alikokwenda kusomeshwa dini alipokuwa mwanafunzi wa Mwisenge, Musoma. Mwaka 1948 akakutana na mwalimu Maria.

Hebu fanya hesabu aliyokuwa nayo kijana yule. Dini yake mpya ilimtaka awe na mke mmoja, afunge ndoa kanisani. Elimu yake ilimfanya atake mtu wa kuongea naye. Jamaa zake wangependa asitoke mbali sana. Wasichana wa Kikatoliki wa upande wa Mara waliokuwa na cheti cha ualimu mwaka 1948 wangeenea kwenye benchi moja la kanisa. Watu husema walipendana, na mimi sina sababu ya kubisha. Ila mapenzi nayo hutafuta mahali pa kutokea, na mahali penyewe palijengwa na Gabriel Magige siku aliyomvusha binti yake mto Mara. Angekuwa Mmenoni wa Shirati, angeolewa na mtu mwingine, huenda mchungaji mzuri tu, na leo usingekuwa unasoma sura hii.

Linganisha na majirani. Jomo Kenyatta aliporudi kutoka Uingereza mwaka 1946 alimwoa Grace Wanjiku, binti wa Chifu Koinange. Huyo alipofariki, mwaka 1951 akamwoa Ngina, binti wa Chifu Muhoho wa Gatundu. Kila harusi ilimwingiza katika nyumba kubwa za Kiambu, zenye ardhi na sauti. Milton Obote, mtu wa kaskazini, alimwoa Miria Kalule, Muganda, mwaka 1963, wakati chama chake kilikuwa serikalini kwa ushirikiano na chama cha Kabaka. Harusi kama hizo mchambuzi huzisoma kama anavyosoma mkataba. Ndoa ya Musoma haisomeki hivyo. Mtoto wa mtemi alichukua binti wa mtu wa kawaida, wa kabila jingine dogo, ambaye ukoo wake haukuwa na kura ya kumpa wala ardhi ya kumwazima. Mzanaki na Msimbiti, wote wawili kutoka makabila ambayo Dar es Salaam ilikuwa haijayasikia. Kama ndoa ile ilikuwa na faida ya kisiasa, ni hiyo tu: haikumfunga kwa mtu yeyote.

Uchumba ulifungwa kabla ya mwaka 1949, Julius alipopanda ndege kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh. Angekaa huko mpaka Oktoba 1952.

Waandishi wa maisha ya Nyerere huipenda sana miaka hii: vitabu alivyosoma, baridi, mijadala, jinsi mawazo yake yalivyokomaa. Ya kwake yalikuwa hayo. Ya Maria yalikuwa ya kungoja, akiwa na miaka 18, 19, 20, 21, umri ambao wasichana aliozaliwa nao Baraki walikuwa wanabeba mtoto wa pili. Wala kungoja hakukuwa na dhamana. Kenyatta mwenyewe alikuwa amemwacha mke Kenya, akamwoa Edna Clarke huko Uingereza mwaka 1942. Seretse Khama wa Bechuanaland alimwoa Ruth Williams London mwaka 1948, na ndoa hiyo ikawa fujo ya dola nzima. Mwaka 1950 Waingereza wakamzuia asikae nchini mwake. Kijana wa Kiafrika aliyekwenda Ulaya kusoma alikuwa anaaga kwa maana nyingi. Hapo Nyegina mambo nayo yalikuwa yanabadilika: tangu mwaka 1946 mapadri wa Maryknoll kutoka Marekani walikuwa wamekuja kuishika Musoma. Lakini wanafunzi hubaki wanafunzi, na mwalimu Maria alikuwa na darasa lake.

Nadhani kungoja kule ndiko kulikomfundisha kazi kuliko Sumve. Mke wa mwanasiasa ni mtu anayengoja: kikao kiishe, gari lifike, mume atoke gerezani au arudi kutoka New York. Wengi hujifunza baada ya ndoa, kwa machozi. Maria alikuwa amefanya mazoezi ya miaka zaidi ya mitatu kabla ya pete, na kabla ya hapo miaka ile yote ya bweni, ambako likizo nayo hungojewa kwa kuhesabu misa za Jumapili.

Julius alirudi. Jambo la kwanza lililowashangaza watu wa Butiama ni kwamba msomi wa Ulaya, shahada ya Edinburgh mkononi, alivua viatu akaingia kwenye tope akalikanyaga kwa miguu yake, anajenga nyumba ya kumwingizia mke. Wengine waliona ni aibu. Mtu aliyetumwa mbali hivyo, kwa gharama hiyo, si wa kukanyaga udongo wakati vijana wapo. Mimi humfikiria zaidi mtu ambaye nyumba ile ilikuwa yake. Binti aliyekuwa na kitanda chake na sabuni yake tangu ana miaka tisa alikuwa anakuja kuanza maisha ndani ya kuta za udongo kwa mama mkwe, Mugaya, katika boma la mtemi lenye wajane wengi na wanafamilia wengi zaidi, wazungumzaji wa Kizanaki. Ilimbidi ajifunze upya nani anasalimiwa kwanza.

Walifunga ndoa Musoma, Januari 1953. Bwana harusi alikuwa na miaka 30, bibi harusi ametimiza 22 wiki chache nyuma. Muda si mrefu wakahamia Pugu, nje ya Dar es Salaam, Julius akafundishe St. Francis. Mwalimu wa sekondari mwenye shahada, nyumba ya shule, mshahara wa kila mwezi: hayo ndiyo maisha ambayo masista walikuwa wamemwandaa kuyaendesha, na kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa aliyaendesha.

Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955 rais wake, Julius, akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York, akarudi, akatakiwa achague kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi. Mshahara ukakatika siku hiyo hiyo. Familia ikarudi Mara, na kilichowalisha kwa miezi ile ni kazi za lugha alizopewa Julius na mapadri wa Maryknoll, kutafsiri na kuwafundisha Kizanaki. Mtandao ule ule wa misheni uliomsomesha Maria ndio uliowapokea walipoanguka. Waliporudi Dar es Salaam, chama kikiwa bado hakina fedha za kumlipa rais wake kwa uhakika, Maria alifungua duka dogo.

Duka hilo limeandikwa kwa mstari mmoja katika vitabu vingi, kama jambo la kupita. Lakini chukua kila alichojifunza mpaka hapo ukiweke nyuma ya kaunta: hesabu za masista, mkono wa kuandika unaosomeka, mazoea ya kushughulika na watu wa makabila yote, na tabia ya mtoto wa wafugaji ya kutokula mtaji. Miaka kumi na miwili baadaye, akiwa sasa mke wa Rais, alikuwa na mradi wa kuku, nao ulikuwa unakwenda vizuri. Ndipo Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na masharti ya uongozi yakamkuta hapo hapo kwenye banda. Jinsi alivyoachana na kuku wale, na nani alimwambia, ndiko sura ijayo inakoanzia.